Wimbo Uliowatosa Kobe

Nyumbani kwetu hunawi uso kabla ya kuchungulia ndoo. Ndoo moja ina maji, nyingine ina rangi. Kaka yangu alisahau siku moja, akaenda kazini na paji la uso la kijani. Yeye ni fundi baiskeli, na wateja walimcheka mpaka jioni.

Rangi ni za mke wake, yaani wifi yangu. Mtaani wanamwita Mama Rangi. Mimi ninaishi nao, na ninafundisha darasa la watu wazima hapo jirani. Wifi huchora mabango ya maduka ili tule, lakini anachokipenda hasa ni kuimba. Akichora anaimba, akipika anaimba. Nimemwambia mara nyingi kwamba mboga haziivi kwa sauti, lakini hanisikii. Tunataniana hivyo tangu alipoolewa.

Nyimbo zake zote ni za wanyama. Alianza miaka sita iliyopita, watu walipokuwa wakimpiga mawe bundi juu ya paa la zahanati. Wifi aliwauliza wanaojua, akaambiwa bundi hula panya. Akatunga wimbo, kisha akamchora bundi ukutani na panya mdomoni. Mawe yakakoma. Baadaye akaimba juu ya popo, kisha nyuki. Shule zikaanza kumwalika, na redio ya mji wetu ikaanza kupiga nyimbo zake.

Mwaka huu mkuu wa redio alimwita. Alitaka kumpa kipindi chake mwenyewe, kila Jumamosi asubuhi, cha nyimbo na habari za wanyama. Wifi alikuwa ameomba kipindi hicho miaka yote sita. Mkuu alisema anahitaji kwanza wimbo mpya, na upatikane kabla ya Ijumaa.

Haraka hiyo ndiyo iliyotuponza. Barabara yetu hupitiwa na kobe, na magari huwakanyaga. Wifi alitaka watu wawaokoe. Tena alikuwa ameona filamu ya kasa wadogo wakikimbilia baharini. Kasa ana gamba, kobe ana gamba, basi akaona ni mtu na ndugu yake. Safari hii hakuuliza mtu. Akatunga hivi:

*Ukimwona kobe njiani,*
*mbebe, mpeleke majini,*
*afike kwao nyumbani.*

Alinipa niusome. Nikasahihisha herufi kwa kalamu nyekundu, nikajiona mwalimu kweli. Nilikagua herufi zote. Ukweli sikuukagua.

Wimbo ulishika mji mzima. Wanafunzi waliuimba, kinyozi aliuimba, hata mimi nilifua nikiuimba. Wifi akachora kobe kwenye ukuta wa posta, anaogelea huku anatabasamu.

Wiki tatu baadaye, Jumatatu asubuhi, alikuja ofisa wa wanyamapori. Watu humwita Bwana Buti, kwa sababu hata harusini huja na buti zake. Mkononi alikuwa na ndoo. Wifi alidhani amekuja kumpongeza, akaweka chai jikoni. Bwana Buti hakukaa. Aliiweka ndoo chini, nasi tukachungulia. Ndani mlikuwa na kobe wanne, wametapakaa tope.

"Nimewatoa bwawani leo," alisema. "Hawa wanne wako hai. Wengine watatu nimewakuta wamekufa."

Wifi aliuliza nani amewafanyia hivyo. Bwana Buti alikuna kichwa. Hakupenda kusema. Mwishowe alitueleza kwamba alimkuta muuza mboga pale bwawani, amembeba kobe kwa upole kama mtoto. Alipomuuliza anafanya nini, yule mama alijibu kwa furaha kwamba anamrudisha kwao, kama wimbo unavyosema.

Wifi alikaa chini, pale pale sakafuni.

"Nimewaua mimi," alisema.

"Hukujua," alijibu Bwana Buti. "Lakini leo utajua. Njoo uone miguu yao."

Alimshika kobe mmoja, akatuonyesha. Alisema kasa ana miguu mipana kama makasia, ndiyo maana anaogelea. Kobe huyu wa nchi kavu ana miguu minene ya kutembea. Ukimtia kwenye maji mengi, anazama.

Binti wa kaka na wifi, wa miaka saba, ndiye aliyeuliza swali la maana: sasa tukimkuta barabarani tufanye nini? Bwana Buti alimwambia kwanza aangalie magari, na mtoto amwite mtu mzima. Kisha kobe ashikwe kwa mikono miwili, pande zote mbili za gamba, karibu na ardhi, bila kupinduliwa. Avushwe kuelekea upande ule ule aliokuwa akienda.

"Ukimrudisha alikotoka, atageuka na kuvuka tena," alisema. "Yeye anajua safari yake. Mweke kwenye nyasi, umwache. Usimpeleke bwawani wala nyumbani kwako. Ukimaliza, nawa mikono kwa sabuni."

Alipoondoka, wifi alifunika rangi zake zote. Alisema haimbi tena, na machozi yalimtoka. Nilijua kalamu yangu nyekundu ilipita palepale kwenye neno *majini* na kuliacha. Kaka yangu alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia kwa upole:

"Mke wangu, nikifunga gurudumu vibaya, sifungi duka. Nalifungua gurudumu, nalifunga upya. Ukinyamaza wewe, watu wataendelea kuimba ule wa zamani."

Kesho yake nilimsindikiza wifi redioni. Mkuu alitusikiliza, akakunja uso. Alisema kipindi kinaanza Jumamosi hii, mbele ya watu, kwenye uwanja wa shule. Alimshauri aimbe wimbo mwingine na mambo yaishe kimyakimya. Akikiri kosa hewani, nani atamwamini tena? Labda hata kipindi chenyewe kitakufa siku hiyo hiyo.

Lakini wifi alijibu: "Mzee, kipindi nakitaka sana. Ila kobe wanazama leo. Naomba msiupige tena ule wimbo, na Jumamosi niacheni niseme."

Mkuu hakuahidi kitu.

Jumamosi uwanja ulijaa. Wifi alipopiga gitaa, watu waliudaka wimbo kabla yake. Walipofika *majini*, aliuzuia mkono wake kwenye nyuzi.

"Hapo nilikosea," alisema. "Kobe wa barabara yetu hajui kuogelea. Niliwaambia mumpeleke majini, mkaniamini, na watatu wamekufa. Kosa ni langu. Nisameheni, na nisaidieni kulirekebisha."

Mimi niliogopa kumtazama mkuu wa redio. Kisha mtu alisimama mstari wa mbele, na alikuwa yule muuza mboga.

"Na mimi niliwapeleka wawili," alisema. "Sasa tuimbeje?"

Wifi akawaimbia:

*Ukimwona kobe njiani,*
*mvushe, mweke nyasini,*
*aende mwenyewe nyumbani.*

Binti yetu alitambaa jukwaani, beseni mgongoni, akawa kobe. Kaka yangu alijaribu kumwinua karibu na ardhi kama alivyofundishwa, mgongo ukamkatalia. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi, na wote wakaondoka wanajua jinsi ya kumshika kobe.

Mkuu wa redio alimpa wifi kipindi, kwa sharti moja: Bwana Buti asome kila wimbo kwanza. Wifi alisema sharti hilo angeliweka mwenyewe. Kwenye ukuta wa posta alifunika maji kwa nyasi, akachora na mikono miwili inayomshika kobe vizuri. Mimi sasa nikipewa wimbo, nauliza kabla ya kushika kalamu: umeambiwa na nani?

Miezi miwili ikapita. Jumatatu moja Bwana Buti alitokea tena mlangoni na ndoo ile ile. Wifi aliweka brashi chini, akasimama mbali, akashindwa kuchungulia. Binti ndiye aliyekwenda.

"Mama," alisema, "haina kitu."

Bwana Buti alicheka. Alisema amezunguka bwawa kila Jumatatu kwa wiki tano na hajamkuta kobe hata mmoja majini. Ndoo ameileta kwa sababu haina kazi tena kwake. Wifi alilia, kisha akacheka, kisha akaipindua na kuipiga kama ngoma.

Kwa hiyo nyumbani kwetu sasa kuna ndoo tatu. Moja ya maji, moja ya rangi, na moja ambayo hatutii kitu ndani yake. Kaka yangu bado anazichungulia zote tatu kabla ya kunawa.