Kaa Hapo, Usitoke

Waya ulibaki mmoja.

Shoti alihesabu tena kuanzia mwanzo, akipitisha vidole kwenye shada zima la nyaya lililotandazwa juu ya turubai, na bado ulibaki mmoja. Ulikuwa mweupe, mwembamba, hauna kibandiko. Nyaya nyingine zote alikuwa ameshazifunga vikaratasi vya majina: pampu ya mafuta, feni, kipimajoto, starta. Huu ulitoka kwenye kompyuta ya injini pamoja na wenzake, ukaenda nao bega kwa bega hadi katikati, kisha ukaishia hewani.

"Ukate," kaka yake alisema, kichwa kikiwa ndani ya boneti. "Unaukodolea macho kama umemfuma mkweo anaoga."

Kaka mtu aliitwa Redio kwa sababu hakuzimika. Aliongea akifungua nati, aliongea akila, na mkewe aliapa kwamba aliongea hata usingizini. Jina la Shoti alilitunga yeye, siku mdogo wake alipounguza taa za gari la mteja, na tangu hapo hakuna mteja aliyeingia gereji ile bila kusimuliwa kisa hicho na kuonyeshwa mhusika kwa kidole. Shoti alicheka na wenzake kila mara. Moyoni alikuwa amechoka, tena siku nyingi.

Gari walilokuwa wakilishughulikia lilikuwa la marehemu baba yao, gari la kizamani la kupanda milima na kuvuka matope, ambalo injini yake ilikufa likaachwa nyuma ya gereji hadi kuku wakataga ndani. Redio aliapa kulifufua. Alitafuta injini ya kisasa akaipata kwa muuza vipuri mmoja, kwenye gari lililopinduka. Injini za namna hiyo haziwaki zenyewe. Lazima zije na kompyuta yake na nyaya zake zote, kisha fundi umeme akae azioanishe na gari lililozaliwa kabla ya mambo hayo. Muuza vipuri hakubishana hata kidogo. "Chukueni kila kitu," aliwaambia. "Sitaki kibaki hata kipande hapa kwangu." Redio aliona wamepata mtu mkarimu.

Shoti hakuukata waya mweupe. Fundi umeme anayekata waya asioujua anajitafutia kazi mara mbili, na yeye hakutaka kumpa kaka yake kisa cha pili cha kusimulia.

Mchana wa saa nane walianza kupima. Shoti alilala chali chini ya dashibodi, miguu nje ya mlango, akipeleka umeme kwenye waya mmoja mmoja. Redio alisimama mbele na taa ya kupimia. Kwa kazi hiyo mafundi hawana muda wa sentensi ndefu. Anayepeleka umeme huuliza neno moja, na anayeupokea hujibu neno moja.

"Upo?"

"Upo!"

"Huu je, upo?"

"Haupo! Umelala huko? Haya, sasa upo!"

Wakaenda hivyo karibu nusu saa. Mwishowe Shoti akagusisha waya mweupe, kwa kutaka kujua tu.

"Upo?"

Kisha sauti ya Redio ikajibu, karibu mno, kama mtu aliyeweka midomo kwenye bati nyuma ya dashibodi.

"Nipo."

Shoti alisonya. Mzaha, hata kwenye kazi. "Haya, kama upo, kaa hapo hapo," akafoka. "Usitoke mpaka nikwambie!"

Alijivuta nje akiwa amejiandaa kwa ugomvi. Mbele ya gari hapakuwa na mtu. Taa ya kupimia ilikuwa imelazwa juu ya bampa. Alikuwa bado anaikodolea macho taa hiyo wakati Redio alipoingia getini, mkononi ana kifuko cha nati.

"Nimekwambia naenda dukani, hukusikia?" Redio alisema. "Mbona umetoa macho?"

Shoti alipomweleza, Redio alicheka hadi akashika mbavu. "Umesinzia huko chini ukaota. Hiki kisa nitawasimulia watu mpaka nizeeke!" Shoti alirudi kwenye nyaya. Kutoka kwenye boneti ilikuja harufu ya nywele zilizoungua, na alipokagua waya kwa waya hakuona ulioungua hata mmoja.

Siku ya tatu injini iliwaka kwa mara ya kwanza. Redio alirukaruka kama mtoto, akapanda, akapiga honi, akatoka getini peke yake huku akiimba, akisema anakwenda kulionjesha barabara. Alirudi baada ya nusu saa, polepole. Alizima, akashuka, akapita mbele ya mdogo wake bila kumwangalia, akaketi kwenye benchi la wateja na kuweka mikono magotini.

"Vipi? Linavuta?" Shoti aliuliza.

Redio hakujibu. Hakujibu siku ile wala iliyofuata. Daktari alimchungulia koo akasema ni zima kabisa. Kila asubuhi alikuja gereji, akaketi benchi lile lile, akalitazama gari. Na tuseme ukweli, hata kama ni aibu: siku mbili za mwanzo Shoti alizifurahia. Alifanya kazi kwa utulivu ambao hajawahi kuujua, na mteja aliyeuliza habari za taa zilizoungua hakupata wa kumsimulia.

Siku ya tatu ya ukimya ule alikwenda kulisogeza gari kivulini. Alipozungusha ufunguo, kabla injini haijashika, kitu kilibofya ndani ya dashibodi, tik, tik, tik, kikasita, kisha sauti ikasema taratibu:

"Shoti."

Aliuachia ufunguo.

"Shoti, nitoe."

Ilikuwa sauti ya kaka yake. Shoti aliruka nje akajikwaa, akakimbia kung'oa waya wa betri, akauona ukining'inia mkononi mwake haugusi chochote, na pamoja na hayo honi ikaanza kulia, fupi fupi kwanza, kisha ndefu, kisha bila kukoma, taa za mbele zikiwaka na kuzima katika jua la mchana, na ile harufu ya nywele zilizoungua ikapanda nzito hadi akahisi anaitafuna, na ndani ya makelele yale yote sauti ikirudia nitoe, Shoti, nitoe, nitoe humu, mpaka ikakatika ghafla kama ilivyoanza.

Aligeukia benchi. Redio alikuwa ametulia. Aliinuka, akachukua chaki ya kuandikia matairi, akaandika ukutani kwa herufi kubwa: LIMENIIBIA SAUTI.

Shoti alilia. Ukuta ule ulimwonyesha jinsi alivyokuwa mbaya, kufurahia ukimya wa mtu aliyeporwa. Alimkumbatia kaka yake, akahisi mwili wake ni wa baridi, akadhani ni woga.

Jioni ile shemeji yake, mke wa Redio, alikuja gereji. Alimvuta nyuma ya matairi, akaongea kwa kunong'ona huku akichungulia kule benchi.

"Shemeji, kaka yako halali. Anakaa kitandani, ananitazama mpaka kunakucha. Watoto nimewapeleka chumba cha pili, nafunga kwa komeo."

"Ni mshtuko, shemeji. Gari limemchukulia sauti. Nimeisikia kwa masikio yangu."

"Namwogopa," alisema, machozi yakimlengalenga. "Nimeolewa naye miaka kumi na mbili, sasa namwogopa."

"Vumilia. Kesho nitamrudisha kama alivyokuwa. Nakuapia."

Mtabibu wa majini aliyeelekezwa kwake alikuwa mama mmoja mshonaji wa sare za shule, mfupi, mkali, aliyefika na utepe wa kupimia bado shingoni. Hakuwasha chochote wala kuomba kuku. Alilizunguka gari mara moja, akafunika pua kwa kiganja, akamkabili Shoti.

"Nani alilikaribisha jini hili?"

"Hakuna, mama."

"Yupo. Hawa hawakai bila kuambiwa. Nieleze uliyosema, neno kwa neno, usinipunguzie."

Shoti akamweleza. Upo. Nipo. Kaa hapo hapo, usitoke mpaka nikwambie. Mama yule alifumba macho kama mtu aliyejichoma sindano.

"Ninyi mafundi na kukatakata maneno! Ungesema 'umeme upo' ungepungukiwa nini? Umeuliza kiumbe kama kipo, kimekuitika, ukakiambia kikae. Umekipa nyumba kwa mdomo wako."

"Basi nitaliambia litoke."

"Utaliambia, ndiyo, maana aliyesema kaa ndiye mwenye kusema toka, na neno lenyewe lina nguvu mara moja tu. Litamshika yeyote atakayekuwa ndani ya nyaya za gari hili." Akamshika kifua cha ovaroli, akamvuta karibu. "Sasa nisikilize. Kwanza muulize jina la mama aliyemzaa. Jini hana la kukutajia, mtu analo. Muulize, usubiri, ndipo useme. Atakulilia, atakuomba, atakuita ndugu. Wewe uliza kwanza. Umeelewa?"

"Nimeelewa, mama."

Saa kumi jioni walifunga geti. Mama mshonaji alisimama pembeni, Redio benchini. Shoti aliingia garini, akazungusha ufunguo.

Tik, tik, tik.

"Upo?" aliuliza.

"Nipo!" Sauti ilipasuka kutoka kila tundu la dashibodi. "Shoti, ni mimi! Shoti, usiseme kitu, ni mimi kaka yako, usiniangalie hivyo, mwangalie yule!"

Shoti alimwangalia yule. Benchini, machozi yalikuwa yakimtiririka Redio mashavuni, kiganja amekiweka kooni, kidole cha mkono wa pili kimenyooshwa kwenye gari, na kinywa chake kikitamka bila mlio, mtoe, mtoe.

"Uliza!" mama alipaza sauti. "Uliza jina!"

Lakini honi ilikuwa imeanza, na usukani ulitetemeka mikononi mwake, na mikanda ya viti ikajivuta na kujiachia kama mtu anayepapatika, na moshi usiokuwa na moto ukamjaa machoni na harufu ya nywele zilizoungua ikamziba koo, na sauti ile ya kaka yake ikipiga kelele kwa hofu ambayo hakuwahi kuisikia kwa kaka yake, ambaye hakuogopa kitu, hivyo akaiona ni uongo mtupu, ni maigizo, ni huyu mwizi anayemlilia kwa sauti ya wizi wakati mwenyewe amekaa pale bubu analia, na hasira ikampanda kuliko woga, na akasahau kuuliza, akasahau kusubiri, akaupiga usukani kwa ngumi zote mbili akapasua koo:

"Toka! Nakwambia toka!"

Honi ilinyamaza. Moshi ukaisha, harufu ikaisha. Injini ikashika yenyewe, ikanguruma laini, nzima kabisa, gari jema la kupanda milima.

Ndipo masikio yake yalipotulia na kumrudishia neno la mwisho alilolifunika kwa ukelele wake. Sauti ya garini haikuwa ikiomba tena mwishoni. Ilikuwa ikitaja jina, ikilirudia mbio mbio. Jina la mama yao.

"Ulimuuliza?" mama mshonaji alinong'ona.

Shoti alitikisa kichwa.

Aliyekaa benchini alijifuta machozi kwa mgongo wa kiganja, akainuka, akakohoa mara mbili kusafisha koo. "Asanteni," akasema, kwa sauti ya Redio. "Twende nyumbani. Nimekaa sana kwenye bati."

Mama alirudi nyuma hadi mgongo ukagusa geti. "Walibadilishana," alisema polepole, kwa Shoti peke yake. "Siku alipoliendesha. Kaka yako ndiye aliyekuwa humo ndani. Umemfukuza, mwanangu, na hana mwili wa kurudia."

"Basi huyu nimtoe! Niambie niseme nini!"

"Huyu hakuingia pale kwa neno lako. Huna neno juu yake." Akafungua geti, akatoka karibu anakimbia.

Kile kiumbe kilitangulia barabarani, kikisalimia majirani mmoja mmoja kwa majina, kikiwatania, nao wakicheka kwa furaha kwamba Redio amepona. Shoti alifuata nyuma. Walipokaribia nyumba, shemeji aliisikia ile sauti tangu ndani. Alitoka mbio bila viatu, watoto nyuma yake, wakamrukia wote kwa pamoja, wakining'inia shingoni na kiunoni.

"Mungu akupe maisha marefu, shemeji!" alimlilia Shoti. "Umenirudishia mume wangu!"

Shoti alijilazimisha kusema. "Shemeji, huyo si..."

"Mwache akapumzike," sauti ya Redio ilimkata. "Amechoka. Anaongea ovyo."

Shemeji alicheka kwa machozi, akamshika mumewe mkono, akamwingiza ndani pamoja na watoto. Mlango ulifungwa, na Shoti akasikia komeo likisukumwa.