Bastola Pacha za Orville Haskew

Wenzangu, nipeni masikio niwaeleze yaliyoikuta nyumba ya Haskew, iliyopakana na shamba langu upande wa mashariki. Hapa mjini kwetu Dorrance tumelizungumza jambo hili mno, madukani na nje ya kanisa, na kila mtu ana lake la kusema. Mimi nilikuwapo. Nitasema niliyoyaona.

Jumapili baada ya ibada, Orville Haskew na mkewe Nadine walikuwa na desturi ya kualika jirani mezani. Mke wangu alipofariki, jirani huyo mara nyingi nilikuwa mimi. Tulikula kuku wa kukaanga, bamia na mkate wa mahindi, tukanywa chai ya barafu, upepo ukipita kwenye ngano nje kama mkono unaopapasa manyoya ya paka. Kisha Orville alinawa mikono kama daktari, akavaa glavu nyeupe za pamba, akaingia chumbani kwenye sefu na kurudi na kisanduku cha mbao ya mjozi. Alipokifungua, sote tulipunguza sauti.

Ndani zilikuwamo bastola mbili, zimelala kwenye mahameli ya kijani. Mitutu yake ilikuwa ya buluu, lakini si buluu ya kupaka. Ilikuwa buluu iliyotoka ndani ya chuma, kama anga likikaribia kuingia giza baada ya mvua. Ubavuni palikuwa na mawingu ya zambarau, kahawia na kijani, yaliyopatikana kwa kukichoma chuma pamoja na makaa ya mifupa, na hakuna moto uliowahi kutoa mawingu ya aina moja mara mbili. Juu ya yote hayo mtu fulani, ambaye amekwisha kuwa udongo zamani, alichonga mizabibu kwa patasi na nyundo ndogo, jani kwa jani, bila mashine na bila kukosea, maana chuma hakifutiki. Vipini vya pembe za ndovu vilikuwa vimegeuka rangi ya siagi. Siku ya kwanza kuziona nilijikuta nimepeleka mkono kichwani nivue kofia, kumbe nilikwisha kuivua mlangoni.

Nilimuuliza Orville kwa nini ziwe ghali kiasi kile, ilhali bastola yangu niliinunua kwa pesa ndogo na nyoka wote wa eneo hili wanaiheshimu.

Akacheka. "Weldon, hiyo yako inalenga vizuri kuliko hizi. Hapa mtu halipii risasi."

Akanieleza kwamba bastola za aina hii zilitengenezwa kwa maelfu, zaidi ya miaka mia moja iliyopita. Lakini wachunga ng'ombe walizitumia kama walivyotumia koleo. Walizidondosha, walipigilia misumari kwa vipini vyake, walizisugua kutu kwa mchanga. Baadaye wengine wakazing'arisha ziwe kama mpya, na huko kuzing'arisha ndiko kulikoziua kabisa, kwa sababu mkusanyaji anataka ngozi ile ile ambayo bastola ilitoka nayo kiwandani. Hizi mbili ziliagizwa na tajiri mmoja mwenye benki, akaziweka kabatini, akafa bila kutia risasi hata moja. Orville alisema ukiizungusha silinda, kile kidude cha duara kinachobeba risasi, mara nyingi, inajichora mstari mwembamba kama unywele. Ukifyatua, uso wake unaungua, na hakuna fundi wa kukurudishia uso ule wa jana.

Tena zilikuwa pacha. Nambari zake za kiwandani zilifuatana, mkono mmoja ulizichonga, na ukizilaza sambamba mizabibu ya hii iliinamia mizabibu ya ile. Moja peke yake ni bastola nzuri ya kale, basi. Mbili pamoja, alisema, usizidishe kwa mbili. Zidisha mara tano, mara sita, kisha usubiri mtu aje na zaidi.

"Na zinastahili?" nikamuuliza.

Akafuta kifuniko cha kisanduku kwa glavu. "Mimi zinanifurahisha," akasema. "Zaidi ya hapo sijui."

Nadine alikuwa akimsikiliza huku akikusanya sahani. Alizaliwa kwenye ranchi, na ujanani alilenga shabaha kumshinda mumewe, lakini zile mbili hakuwahi kuzigusa. Orville alimkataza, naye akatii.

Walikuwa na watoto wawili. Royce, mkubwa, alilima ngano na baba yake. Glenna alikuwa na saluni ya nywele mjini Lawton, na ada ya chuo cha ususi alilipiwa na huyo huyo Royce, kwa kuuza ndama wake mwenyewe. Hivyo ndivyo walivyopendana. Likizo wajukuu walilala kitanda kimoja, miguu ya huyu kichwani kwa yule.

Orville alikufa ghafla majira ya kuchipua, ndani ya ghala la mashine. Wosia wake haukumshangaza mtu, maana alikuwa ameutangaza mezani mbele yetu sote: shamba kwa mama yao maadamu yu hai, bastola moja kwa Royce na moja kwa Glenna. Alisema zitawafanya wakae meza moja daima. Masikini, alidhani amewafunga kamba moja ya upendo.

Baada ya mazishi alikuja mfanyabiashara wa silaha za kale kutoka Tulsa. Alizitazama kwa lenzi, naye pia akapunguza sauti kama mtu aliye kanisani. Akasema moja moja zitanunua lori lililotumika. Zikiwa pamoja zitanunua shamba la heshima na nyumba juu yake.

Ndugu msomaji, angalia vizuri hapa. Kabla ya siku hiyo hakuna aliyekuwa amekosa kitu.

Royce alianza kwa upole. "Dada, niuzie yako. Nakulipa bei ile ile aliyosema, wala sikupunji."

"Bei ya moja?"

"Si unayo moja?"

"Na wewe unayo moja," Glenna akamjibu. "Basi niuzie mimi."

Mchungaji wetu aliwashauri waziuze pamoja wagawane nusu kwa nusu. Ushauri ambao hata mtoto mdogo angeutoa, na ungetosha. Royce akasema jasho lake limo ndani ya ngano iliyolipia zile bastola, wakati mwenzake alikuwa mjini akikunja wanawake nywele, kwa hiyo fungu lake liwe kubwa. Glenna akasema bila bastola yake, ya Royce ni chuma kizee tu, na yeye hana haraka. Kila mmoja akaamua kumngoja mwenzake achoke. Glenna aliificha yake benki. Royce alitembea na ufunguo wa sefu shingoni, hata kanisani. Wakaajiri mawakili, na mawakili hawakuchoka.

Mwaka ule, Sikukuu ya Shukrani, siku ambayo kwetu kila familia hula bata mzinga pamoja, Nadine alimla mara mbili, mchana kwa mwanawe na jioni kwa bintiye, akatabasamu kote kuwili, kisha akarudi kuumwa tumbo peke yake. Wajukuu walikatazwa kupigiana simu. Mjukuu wa kike alimuuliza bibi yake kama shangazi Glenna amekufa.

Majira ya baridi Nadine akapatwa na kiharusi. Hakikuwa kikubwa, ila mkono wa kushoto ulilegea. Nilikuwa nimeketi karibu na kitanda chake hospitalini nilipomsikia Royce nje ya mlango, akimuuliza nesi dada yake ataondoka saa ngapi ili yeye apate kuingia. Nadine naye alisikia. Aligeuza uso ukutani na hakuugeuza tena mpaka nilipoaga.

Aliporudi nyumbani aliniomba nimnunulie kisanduku cha risasi, zile za nguvu ndogo za bastola za kizamani. Nikadhani nyoka ameingia kwenye banda la kuku. Nikamletea.

Kisha akawaita watoto wake. Mwaka mmoja tangu kifo cha baba yao ulikuwa umetimia, akataka kila mmoja alete ya kwake, azione zikiwa pamoja kabla hajafa. Nani angemkatalia mama maneno hayo? Walikuja, kila mmoja na gari lake, wakakaa ncha mbili za meza. Mimi niliwekwa katikati, maana hakuna aliyemwamini mwenzake kubaki na pacha zote mbili chumbani.

Zikarudishwa kwenye mahameli. Wenzangu, sina maneno. Nilikuwa nimesahau. Mwanga wa dirishani uliyashika yale majani ya mizabibu, yakainamiana tena kama ndugu wanaonong'onezana, na mawingu ya chumani yakawa kama yanasogea. Glenna alitia mkono mdomoni. Royce macho yalimlowa, na nadhani alimwona baba yake. Kwa muda mfupi niliamini uzuri ule ungetosha kuwapatanisha.

Royce akakohoa. "Unaona zinavyopendeza, Glenna. Kubali sitini kwa arobaini tumalize."

"Sitini yangu?" akasema Glenna.

Nadine akainuka. Bila glavu, alizichukua zote mbili kwa mikono mitupu, akaziweka kwenye aproni yake kama mayai, akatoka mlango wa nyuma. Royce akamwambia, "Mama, jasho la mkono linakula rangi." Aliendelea kwenda. Tulidhani anataka kuzitazama kwenye jua. Tulipotoka ndipo tulipoyaona makopo ya kahawa yamepangwa juu ya uzio wa malisho, na Nadine ameegemea pipa, anasukuma risasi ndani kwa kidole gumba, polepole kwa sababu ya ule mkono wa kushoto. Kila silinda ilipozunguka ilitoa mlio mdogo mtamu, na kila mlio ulikuwa ukijichora chumani.

Glenna alimshika kaka yake mkono wa shati. Ilikuwa mara ya kwanza kumgusa tangu mazishi.

"Kaeni nyuma yangu," Nadine akasema. "Wote watatu." Ilikuwa sauti iliyowalea. Tukarudi nyuma, na mimi nikiwemo.

Akapiga. Kopo la kwanza likaruka, ng'ombe wakainua vichwa. Akapiga tena. Mzee yule aliyechonga mizabibu, tajiri yule aliyefunga kabati, Orville na glavu zake, wote nilihisi wamesimama nasi wakitazama. Zaidi ya miaka mia bastola zile zilikuwa zimenyamaza, na sasa zilikuwa zikisema, na zilisema kwa sauti safi ajabu. Kila mlio nilijua ni ekari kadhaa zinaondoka na moshi. Sijawahi kuona kitu cha kutisha na kizuri kiasi kile kwa wakati mmoja. Alipomaliza ya kwanza akashika ya pili. Makopo ya mwisho aliyakosa, lakini hakuacha mpaka zote mbili zikawa tupu.

Royce alikuwa amekaa chini kwenye majani. "Mama," akasema taratibu, "unajua umefanya nini?"

"Bei yake naijua kuliko wewe. Nilikuwa nasikiliza kila Jumapili." Akazilaza juu ya pipa. "Baba yenu alinikataza nisiziguse, nikamtii, kwa sababu zilimfurahisha na hazikumdhuru mtu. Ninyi zimewadhuru. Sasa ni bastola kuukuu zilizotumika. Haya, gawaneni."

Msidhani walikumbatiana hapo hapo. Royce aliondoka kwa hasira na kiangazi chote hakukanyaga kwa mama yake. Glenna alilia, akaokota makopo, akabaki akapika chakula cha jioni. Yule mtu wa Tulsa alipoitwa tena, alizitazama kwa lenzi, akaiweka lenzi mfukoni, akataja bei ambayo ilikuwa bado pesa, lakini si shamba wala nyumba. Mawakili waliisikia, wakaacha kupiga simu.

Nadine alipatwa na kiharusi cha pili mwanzoni mwa vuli. Nilimpigia Royce, kisha Glenna, na walifika kwa pamoja. Walikaa naye, mmoja kila upande wa kitanda, wakipokezana kumlowesha midomo kwa pamba. Hakuweza kusema tena, lakini macho yake yalikuwa yakienda kwa huyu na kurudi kwa yule, kwenda na kurudi, na hakuchoka kuwatazama mpaka alipoyafumba. Bastola waliziuza pamoja kwa mtu wa Amarillo, wakagawana sawasawa, na pesa hizo zikalipia hospitali na jiwe la kaburi. Royce ameniambia kwamba lile shamba ambalo bastola zingemnunulia bado linamuuma. Simlaumu. Lakini aliniambia hayo jikoni kwa Glenna, akimenya viazi.

FUNZO

Sisemi vitu vizuri havina thamani. Leo hii ningesafiri mbali kuyaona tena yale majani ya mizabibu. Kitu huwa ghali kwa sababu ni kichache, kwa sababu hakijaharibiwa, na kwa sababu wako watu wanaokitaka, na bei hiyo ni ya kweli siku ya soko. Kama kinakufurahisha na nyumbani hakuna anayelala njaa kwa ajili yake, kinunue ukitazame. Lakini kikianza kuamua nani akae na nani mezani, kimekwisha kukugharimu kuliko ulivyolipa.

Wazazi, msiwaachie watoto kitu kimoja kilichokatwa vipande viwili mkadhani ni upendo. Wagawieni mngali hai, kwa usawa, na sababu mwaeleze. Na ninyi ndugu mliozaliwa tumbo moja, mkiona hesabu imewashinda, mwiteni mtu wa tatu awagawie nusu kwa nusu siku hiyo hiyo, kabla mama yenu hajalazimika kuinuka mezani.