Anwani Iliyohamwa

Jibu lilifika kabla mwanaprogramu hajatuma ombi. Alikunja uso. Ilikuwa mchana kweupe, na ofisini walikuwa wawili tu, yeye na kaka yake aliyemlea, ambaye watu walimwita Bonge kwa utani, kwa kuwa alikuwa mwembamba hata upepo ulimwonea.

"Kaka, umegusa seva?"

"Mimi? Niko na chai yangu hapa."

Programu yake iliifanya seva yao iulize habari kwa seva nyingine. Ile nyingine ilizimwa zamani, anwani ikabaki hame, na majini, ambao hukaa mahameni, hawabagui hame la mawe na la mtandao; mmoja alikuwa amehamia humo. Kosa la mwanaprogramu, dada yake Bonge, lilikuwa la uvivu: kila ombi lilibeba utambulisho wa aliyeingia kwenye mfumo, na siku hiyo, kwa majaribio, alikuwa ameingia kwa akaunti ya Bonge na kutuma maombi kadhaa tangu asubuhi.

Maneno yakatokea kwenye skrini: Nimemjua. Nakuja.

Harufu ya nywele zinazoungua ikajaa chumbani.

"Dada," Bonge alinong'ona, "kuna mtu nyuma yangu."

Kabla hajageuka alinyanyuliwa kwa shingo, akabamizwa ukutani, akavutwa, akabamizwa tena hadi meno yakamruka na damu ikachirizika kwenye shati, na dada yake, ambaye hakuona kitu hewani, alisikia vidole vya kaka yake vikivunjwa kimoja kimoja kama kuni kavu.

"Zima! Zima, dada!"

Alichomoa waya wa umeme. Seva ikaendelea kunguruma na kutuma. Akarukia kompyuta yake, akafuta utambulisho wa Bonge kwenye programu. Jibu likaja papo hapo: Ombi halina mwenyewe. Nimmalize huyu?

Bonge alikuwa ameanza kukoroma, macho yamemtoka. Dada aliogopa kufa, tusidanganyane, aliogopa mpaka akalia kwa sauti. Hata hivyo aliandika utambulisho wake mwenyewe, akatuma.

Bonge akaanguka sakafuni kama gunia, akavuta pumzi.

"Umefanya nini, mdogo wangu?" alisema kwa shida, akimtambalia.

"Toka nje, kaka. Funga mlango, na ukinisikia nikikuita, usifungue," alijibu, huku kichwa chake kikivutwa nyuma kwa nywele, polepole, hadi akawa anatazama dari.