Aliyepunga Mkono Bonde la Chumvi

Jua lilikuwa linakaribia kuzama Merrill Hatch alipoegesha pikapu nje ya duka la Mama Thora, magharibi kabisa ya Utah, pale lami inapoishia. Baada ya kusubiri miaka mingi, hatimaye alikuwa amepata kibali cha kuwinda swala dume. Lakini darubini yake ya zamani ilikuwa imeingia ukungu, na macho yake nayo yalikuwa yameanza kufifia.

"Muuzie na mbwa wa kumwongoza njia," mdogo wake Rulon alimwambia Mama Thora. "Huyu hata swala akiingia sebuleni, atamkaribisha kiti."

Mama Thora, mjane mwenye mikono mikavu, alitabasamu kidogo tu. Akaweka mezani darubini tatu: ya kukuza mara nane, ya mara kumi, na moja kubwa ya mara kumi na tano, yenye miguu mitatu ya kuisimamisha. Akawaeleza kwamba mchana darubini zote huonekana nzuri. Nuru ikififia ndipo unajua ipi inaona. Wapande kilimani nyuma ya duka, watazame bonde, kisha warudi wamwambie.

Kilimani palikuwa kimya. Chini yao bonde lilinyooka hadi milima ya upande wa pili, vichaka vya kijivu pembeni, chumvi nyeupe katikati.

Merrill alianza na ya mara nane. Ilitulia vizuri mkononi. Ya mara kumi ilimletea kundi la swala karibu, hadi akaona masikio yakicheza, ila pumzi yake iliitikisa. Alikuwa anaisogeza polepole kushoto alipomwona mtu.

Mtu amesimama katikati ya chumvi. Anapunga mkono.

Merrill akaisimamisha ile kubwa, akachungulia. Mtu akawa mkubwa zaidi, kama ilivyopasa. Shati la mistari. Kichwa wazi. Mkono unakwenda, unarudi, taratibu, kama wa mtu aliyechoka lakini hathubutu kuacha.

Akarudi kwenye ile ndogo, alinganishe. Mtu alipaswa kupungua.

Hakupungua.

Merrill akaishusha darubini. Kwa macho matupu, bonde lilikuwa tupu.

"Hebu tazama wewe," alinong'ona.

Rulon akatazama, akacheka. Alisema ni wale wale watu wa mjini wanaozamisha magari kwenye tope la chumvi kila mwaka. Akainua mkono juu, akapunga kwa madaha, kama anayeaga harusi.

Mkono wa yule mtu ukashuka.

Rulon akasema anakwenda kumsaidia, asije akalala huko. Merrill akamwambia angoje, waende na gari. Rulon alikwishaanza kuteremka. Kofia yake ya rangi ya chungwa ikaelea juu ya vichaka kwa muda, kisha vichaka vikaimeza.

Upepo ukakoma. Merrill alitafuta kwa kila darubini. Hakuna Rulon. Hakuna mtu.

Kisha... harufu. Tope la chumvi, na nguo iliyolowa siku nyingi.

"Hakuna mtu kule," Rulon alisema nyuma yake. "Twende nyumbani."

Merrill hakuwa amesikia hatua. Na kutoka kilimani hadi kwenye chumvi kulikuwa mwendo mrefu. Hakuna mtu ambaye angeenda na kurudi kwa muda ule. Akainama tena kwenye ile kubwa, bila kujua anatafuta nini, na nuru ya mwisho ikamwonyesha.

Mtu anakimbia kwenye chumvi. Anaanguka, anainuka. Mikono yote miwili juu. Mdomo wazi, sauti haifiki. Kofia ya rangi ya chungwa.

Uso ule aliufahamu tangu ulipokuwa wa mtoto mchanga.

Hakugeuka mara moja. Alikunja miguu ya darubini, akasema kwa sauti ya kawaida kadiri alivyoweza, "Sawa. Tangulia kwenye pikapu."

Walipoketi garini hakushika njia ya nyumbani. Aliteremka moja kwa moja bondeni. Aliyekuwa kando yake alitazama mbele. Vichaka vilipoanza kuisha na weupe kuonekana kwenye taa, akaanza kutetemeka, meno yakagongana.

"Usinirudishe," alisema, na sauti haikuwa tena ya Rulon. Ilikuwa ya mtu mzima zaidi, yenye haya. "Bwana, nakuomba. Nimekaa huko muda mrefu sana."

Merrill akasimamisha gari. Alitaka kumtazama. Hakuweza.

Kutoka gizani mbele, sauti nyembamba ikaita jina lake.

Akashuka, akakimbia, akaiacha injini ikinguruma. Rulon alikuwa amelala kifudifudi kwenye chumvi. Merrill alipomgeuza, mkono ulikutana na ndevu. Jioni ile ile Rulon alikuwa amenyolewa safi. Sasa ndevu zilifunika koo, na midomo ilikuwa imepasuka.

"Mbona umechelewa hivi?" Rulon aliuliza. "Nilikuwa nawaona kilimani. Kila siku nawaona."

Merrill alipombeba hadi kwenye pikapu, mlango wa abiria ulikuwa wazi. Kiti kilikuwa kimelowa.

Dukani, Mama Thora aliziona zile ndevu, akauliza nani aliyepunga. Merrill alimweleza, na alipofika kwenye shati la mistari mama akashika ukingo wa meza. Kwa maneno machache akasimulia kwamba mumewe Alvin naye alimjibu mtu aliyepunga kule, jioni moja, wakiwa vijana, kisha akateremka bondeni akiwa na shati hilo. Aliyerudi aliishi naye. Alimpikia, alimfulia, mwishowe akamzika.

"Nilijua si yeye," alisema. "Sikuwa na ushahidi. Nilikuwa na harufu tu."

Rulon alilala nyumbani kwa Merrill juma zima, mapazia yamefungwa. Hakutaka kusikia habari za swala. Merrill naye hakwenda kuwinda.

Siku aliyokwenda kununua mkate, jirani mmoja alimtania kwamba ndugu yake amepata kazi mpya: kila asubuhi anampasulia kuni Mama Thora, na watu wameanza kusema.

Merrill aligeuza pikapu. Alikwenda hadi dukani kwa Mama Thora. Palikuwa pamefungwa. Kuni zilikuwa zimepangwa vizuri kando ya ukuta. Alibisha mara kadhaa kabla mlango haujafunguliwa kidogo, upana wa uso wa mama tu. Alikuwa amevaa gauni zuri na kusuka nywele. Nyuma yake ilitoka harufu ya mkate wa moto na, chini yake, tope la chumvi. Kiti kikasogea sakafuni. Mtu akakohoa kama Rulon.

"Mama," Merrill alianza.

"Najua ana uso wa nani," mama alisema kwa sauti ya chini. "Miaka yote niliishi na uso wa Alvin usio na Alvin; huyu ndiye Alvin, na uso huu nitauzoea."

Machozi yalikuwa yakimtoka, lakini hakuonekana kuwa na huzuni.

"Mhamishe ndugu yako, Merrill. Mbali. Mji huu ni mdogo, hauwatoshi wote wawili."

Akafunga mlango, na Merrill akasikia komeo likiingia.