Injini Haing'olewi Kabla ya Kupimwa

Droo ya kabati ililia gizani. Nyiii.

Umeme ulikuwa umekatika tangu jana yake, na jua lilikuwa bado halijatoka. Nililala kimya, mkono wangu juu ya tumbo la mwanangu Dayamí, nikasikiliza. Ndani ya droo ile kuna kitu kimoja tu cha maana. Ni kitabu cha gari, ambamo namba ya injini imeandikwa.

"Eliécer," nilimwita mume wangu. "Unatafuta nini?"

"Soksi."

"Soksi zako ziko kwenye kamba, nje. Rudisha kitabu."

Nilisikia ndara zake zikienda jikoni, kisha uani. Hapo hasira ikanipanda.

Gari letu ni la mwaka hamsini na moja. Baba mkwe alilinunua akiwa kijana, akaliendesha mpaka alipofariki. Hapa mjini kwetu, Camajuaní, magari ya umri huo yamejaa, hakuna anayegeuka kuyatazama. Eliécer hubeba abiria kwenda mji wa Santa Clara na kurudi. Lakini Jumanne gari huwa si la abiria. Ni la Dayamí.

Dayamí ana miaka minne. Alizaliwa kabla ya siku zake, na miguu yake ni migumu. Kila Jumanne hufanyiwa mazoezi hospitalini, Santa Clara. Daktari alituambia waziwazi, "Akikosa mara kwa mara, miguu itakaza tena. Mkitaka atembee, msikose." Basi la umma huja siku likipenda. Kwa hiyo bila gari hakuna mazoezi, na bila mazoezi mtoto hatembei. Ni hivyo tu.

Mwezi ule gari lilianza kutoa moshi wa buluu. Likawa linakunywa oili kama maji. Kilimani lilikohoa na kuishiwa nguvu. Madereva wenzake wakampa Eliécer jina la Sigara.

"Sigara, leo nani kakuwasha?" walimcheka kituoni.

Wengi wao walikuwa wameng'oa injini zao za petroli na kuweka za dizeli. Basi wakakaa kwenye meza ya domino, wakatoa hukumu. Injini ya Eliécer imekufa! Hakuna hata mmoja aliyefungua boneti. Hapo hapo akajitokeza dalali mmoja, Bárbaro. Alikuwa na injini ya dizeli, iliyotoka kwenye pampu ya kumwagilia mashamba. Yeye na Eliécer wakakubaliana wabadilishane. Eliécer atoe injini ya zamani, na juu yake nguruwe wetu wa sikukuu ya kufunga mwaka.

Mimi sikuulizwa, niliyasikia kwa watu. Nguruwe nimemlisha mimi kwa mikono hii, na mtoto wa Jumanne ni wangu, lakini sikuulizwa!

Kulipokucha, mkokoteni wa farasi ulisimama mlangoni. Juu yake kulikuwa na ile injini ya dizeli, imefunikwa gunia. Bárbaro aliruka chini, akapangusa mikono kwenye suruali.

"Habari ya asubuhi, shemeji! Leo nakuletea simba."

"Mimi sikuagiza simba," nilisema.

Uani, Eliécer alikuwa ameshatoa boneti. Mnyororo wa kunyanyulia ulining'inia kwenye chuma cha reli, juu ya gari. Nikambeba Dayamí, nikaenda kusimama katikati ya mnyororo na gari.

"Yamirka, ondoka hapo," alisema Eliécer.

"Siondoki."

"Usinitie aibu mbele ya watu."

"Aibu? Umeiba kitabu gizani kama panya, halafu mimi ndiye ninayetia aibu? Haya, niambie. Simba wako asiponguruma, Jumanne utambeba Dayamí mgongoni mpaka Santa Clara?"

Eliécer alitupa spana chini. Mtoto akashtuka, akaanza kulia. Bárbaro akacheka.

"Kaka, kumbe humu ndani suruali anavaa mama!"

Kelele zile zilimleta jirani yetu, Nereida. Nereida alikuwa fundi wa kukereza vyuma kwenye kiwanda cha sukari kwa miaka thelathini na moja. Kiwanda kilifungwa. Yeye hakufunga. Mashine yake ya kukerezea iko sebuleni, mahali ambapo wengine huweka makochi.

"Mnachinja nani saa hizi?" aliuliza.

"Tunabadilisha injini, mama," alisema Eliécer.

"Ya zamani ina ugonjwa gani?"

"Imekufa. Moshi si unauona?"

"Moshi wa buluu ni oili inaungua. Unakuambia kuna ugonjwa, haukuambii ni upi. Umeipima?"

Eliécer aliinama kuokota spana.

"Wewe! Mtoto akikohoa unamchimbia kaburi? Umeipima, au hukuipima?"

"Sikuipima."

Nereida alirudi kwake, akaleta saa ya kupima mgandamizo wa hewa ndani ya silinda. Alimwambia Eliécer awashe injini mpaka ipate joto, aizime, kisha atoe plagi zote sita. Akashindilia mpira wa ile saa kwenye tundu la plagi, silinda moja baada ya nyingine. Kila mara Eliécer alikanyaga mafuta hadi mwisho, akazungusha stata. Mimi niliandika kwa chaki ukutani. Silinda nne zilikaribia mia. Ya pili na ya tano hazikupita hamsini.

"Sasa tazameni," alisema Nereida. Alitia oili kidogo, kijiko kimoja, ndani ya silinda ya pili, akapima tena. Mshale ukapanda hadi themanini. Ya tano nayo ikapanda.

"Maana yake nini?" niliuliza.

"Oili imeziba mwanya kati ya pistoni na ukuta wa silinda. Kwa hiyo ringi zimelika, au ukuta umelika. Kama mshale ungekataa kupanda, ningeshuku valvu, au gasketi ya juu. Hii si maiti, watoto wangu. Huyu ni mgonjwa."

"Na hiyo dizeli?" alisema Bárbaro. "Hiyo ni nzima!"

"Tuione basi."

Nereida alivuta gunia. Alilowesha kitambaa kwa mafuta ya taa, akasugua ubavu wa injini, pale namba inapogongwa. Hapakuwa na namba. Palikuwa na mikwaruzo ya tupa.

"Karatasi yake iko wapi?" nilimuuliza Bárbaro.

"Itakuja, shemeji. Karatasi ni kitu kidogo."

"Kitu kidogo!" Nereida alimgeukia Eliécer. "Ukibadilisha injini, lazima uiandikishe. Utaulizwa imetoka wapi, na namba yake ni ipi. Hii utasema ilidondoka kutoka mbinguni? Watakunyang'anya kitabu, na gari litakuwa banda la kuku. Halafu nyanyua upande mmoja uone. Ni nzito kuliko yako. Umefikiria springi za mbele? Breki? Giaboksi itaingiaje? Bomba la moshi litapita wapi, puani mwa mtoto?"

Uso wa Eliécer ulibadilika rangi. Alimwendea Bárbaro mpaka vifua vikagusana.

"Ulijua?"

"Kaka, kila mtu anafanya..."

"Nimekuuliza, ulijua?"

Bárbaro hakungoja swali la tatu. Aligeuza farasi. Farasi mwenyewe alikataa kutembea, akasimama akitafuna majani ya mlangoni petu, na Bárbaro akawa anamtukana huku sisi wote tukimtazama. Nisingekuwa na hasira, ningecheka.

Eliécer alitaka tuanze kukarabati siku ile ile. Nereida akamzuia.

"Bado. Tunaifungua kwanza. Bloki ikiwa na ufa, nami nitakwambia ubadilishe. Kubadilisha si dhambi. Ila utatafuta injini inayolingana na gari lako, yenye namba na karatasi."

Waliifungua. Nereida aliosha bloki, akaipaka mafuta ya taa, akaifuta ikakauka, kisha akaipaka unga wa chaki. Penye ufa, mafuta hujipenyeza tena na kuchora mstari kwenye chaki. Tukangoja. Sijawahi kukodolea macho kipande cha chuma namna ile. Chaki ilibaki nyeupe.

"Ahsante, baba," alisema Eliécer polepole. Hakuwa akisema na sisi, ila na marehemu baba yake.

Mhimili wa injini, ule unaozungushwa na pistoni, ulipimwa nao ukaonekana mzima. Basi uamuzi ukawa rahisi. Tutakarabati. Nereida alichonga silinda zote sita zikawa sawa, maana hazichongwi mbili tu. Akakereza pistoni kubwa kidogo kutoka kwenye pistoni za trekta, zote kwa uzito mmoja. Ringi na vyuma laini ambamo mhimili huzungukia tulivipata mjini Placetas. Bloki ilibaki ile ile, na namba ile ile, kwa hiyo kitabu hakikuguswa.

Kazi ilichukua wiki tatu. Sitaki kuwadanganya, zilikuwa wiki ngumu. Jumanne mbili tulisimama barabarani tukiomba lori. Jumanne ya tatu hatukupata chochote. Usiku ule nilimkanda Dayamí miguu, nikaisikia imekaza, nikamgombeza baba yake hadi sauti ikakauka.

"Ningeuliza mapema, tungeanza mapema," alisema. "Nilisikiliza watu wa domino."

"Na mimi ulinificha."

"Nilikuficha. Sitarudia."

Kuanzia hapo kitabu cha gari kinakaa kwenye mkoba wangu.

Injini ilipowashwa, Nereida alimwekea Eliécer sharti. Mwanzoni asikimbie, asibebe mzigo mzito, na amwage oili mapema kabla ya wakati wake, maana vyuma vipya hutoa unga.

Jumanne iliyofuata tulikwenda Santa Clara polepole. Madereva wa dizeli walitupigia honi. "Sigara, sukuma!" Eliécer alikunja uso, akashika usukani, asiongeze mwendo. Nilitazama nyuma kilimani. Barabara ilikuwa safi, hapakuwa na moshi wowote.

Tulisimama mbele ya hospitali. Nilifungua mlango, nikanyoosha mikono kumbeba Dayamí kama kawaida. Aliisukuma mikono yangu. Akashika mlango, akatanguliza mguu mmoja nje.

"Mama, nitashuka mwenyewe."