Mke Mkubwa wa Rubani

Kitana kilikuwa kimelowa. Mke wa rubani alikiacha mezani kikiwa kikavu, akaenda uani kufua. Aliporudi kilikuwa kinadondosha maji, na kwenye meno yake umenasa unywele mweusi, mrefu kuliko mkono wake. Yeye nywele zake hazikufika hata shingoni.

Hakupiga kelele. Aliuviringisha ule unywele kidoleni huku moyo unawaka.

"Kumbe," alisema peke yake. "Kumbe analetwa mpaka chumbani kwangu!"

Ndoa yao ilikuwa bado changa. Mumewe alikuwa rubani wa bandari. Merkebu za matanga zilipokuja kushusha majora ya vitambaa na kupakia ngozi na pembe, yeye ndiye aliyepelekwa kwa mashua kuzipokea nje, akazipitisha kwenye mlango mwembamba wa bandari uliojaa miamba. Hakuwahi kugusisha hata moja. Manahodha wa Kizungu, ambao hawakumwamkia mwenyeji yeyote, yeye walimvulia kofia. Mtaani walimtania kwamba ana macho chini ya maji.

Sasa mkewe akaanza kumchunguza. Alinusa mashati yake, akakuta harufu ya mwani mbichi iliyochanganyika na marashi asiyoyajua. Alipapasa godoro, akakuta upande wake yeye umelowa chapachapa.

"Jasho hilo," mumewe alijibu, macho pembeni.

"Jasho langu au la mwenzangu?"

Mumewe alichukua kofia yake, akatoka.

Mchana mmoja aliaga kwamba anakwenda sokoni, akazunguka nyuma ya nyumba na kujibanza kwenye mlango wa jiko. Alimsikia mumewe anacheka, kicheko cha chini, cha raha, na sauti ya mwanamke inamjibu. Wivu ukampanda kichwani, akashika mwiko, akavuka ukumbi kwa kishindo na kuusukuma mlango wa chumba akiwa na matusi yote tayari mdomoni, na hapo akamwona mumewe amekaa sakafuni peke yake, amefumba macho, kichwa amekiinamisha kama mtoto anayesukwa, na kitana kinapita kwenye nywele zake taratibu, kinapanda, kinashuka, hakuna mkono unaokishika, huku maji yanachuruzika ukutani bila kuonekana yanakotoka na ile harufu ya mwani imejaa chumba kizima mpaka inakaba koo.

Sauti ikamjia sikioni, baridi, ya upole.

"Mdogo wangu, siku nyingine piga hodi kabla ya kuingia kwa mkubwa wako."

Mwiko ukamponyoka.

"Nani huyo?" alimnong'oneza mumewe walipokuwa uani.

"Punguza sauti. Nilizama pale mlangoni mwa bandari nikiwa kijana. Yeye ndiye aliyenitoa. Tangu siku hiyo ananionyesha njia. Ananiambia huku kuna mwamba, huku pita."

"Na wewe ulimpa nini?"

Rubani alikuna kidevu. "Nilimwoa."

Mke hakulala nyumbani kwake siku ile, na kesho yake alirudi na mganga, mama mfupi mwenye mafua makali.

"Pua yangu imeziba, mwanangu," alisema mganga. "Hebu niambie, pananukia nini hapa?"

"Mwani na marashi, mama."

"Basi jini huyo si wa kupungwa. Ni wa ndoa. Anatoka kwa talaka, na ya kinywa cha mumeo."

Rubani alimgeukia mkewe. "Nikimwacha, merkebu nitazipitishaje?"

"Kwa macho, kama marubani wenzako! Chagua, bwana. Mimi uke wenza na kitu cha chumvi siuwezi."

Rubani alitoa talaka ameinamisha kichwa, kwa sauti ndogo sana, mara tatu. Mitungi ikatikisika. Mlango ukajipiga ukutani, na kitu kizito kilicholowa kikapita kati yao kikilia kwa kwikwi, kikitoka nje kuelekea pwani, na harufu kiliyoiacha njiani ilikuwa kali hivi kwamba mganga mwenyewe, na mafua yake, alijiziba pua.

Nyumba ikakauka. Mke aliimba akianika godoro. Lakini mumewe alikula tonge mbili akanawa, akakaa dirishani na kutazama maji, na akiitwa haitiki.

Merkebu iliyofuata ilikuwa ya milingoti mitatu. Mke alisimama na majirani kwenye ukuta wa bandari, pale ambapo chombo kinapita karibu hata nyuso za watu zinaonekana. Bahari ilikuwa shwari. Merkebu ikageuka ghafla, ikaenda moja kwa moja kwenye miamba, ikapasuka. Mabaharia waliookolewa walisema rubani hakukosea: alimwamuru mshika usukani kwa sauti tulivu, huku amenyoosha kidole penye mwamba.

Wote waliingia mashuani isipokuwa yeye. Aliinama ubavuni mwa chombo akizungumza na mtu aliye chini, akanyoosha mikono, akavutwa majini.

Jirani alimkumbatia mke wa rubani. "Pole, dada. Pole sana."

"Umeona alivyocheka?" alisema yeye, macho makavu. "Mimi hajanichekea hivyo hata siku ya harusi."