Nilimwazima Rafiki Matairi ya Nyuma

Wasomaji wenzangu, mimi ni mwanamume wa miaka thelathini na minane, mzaliwa wa Mghange, huku milimani Taita. Shule niliiacha darasa la sita. Si kwamba masomo yalinishinda... la! Mama alimfuata baba kaburini kabla mwaka haujaisha, na mkubwa nilikuwa mimi. Nyuma yangu walikuwa dada yangu Mkawasi na mdogo wetu Mwakio, ambaye hata vifungo vya shati alikuwa hajui kufunga. Nani mwingine angewalisha?

Nikashuka Voi, nikapata kibarua gereji. Kazi yangu ilikuwa magurudumu tu. Kuziba pancha, kujaza upepo, kufungua na kufunga nati. Huko nilijifunza kwamba tairi halidanganyi. Likiisha katikati, lilijazwa upepo kupita kiasi. Likiisha kingo zote mbili, lina njaa ya upepo. Likiisha ukingo mmoja, magurudumu ya gari hilo yamekaa upande. Na gari linalosukumwa na magurudumu ya nyuma hula matairi ya nyuma kwanza. Usipoyazungusha, ya nyuma yaende mbele na ya mbele yaje nyuma, utabaki na mawili yenye meno na mawili vipara.

Baada ya miaka mingi ya kujinyima nilipata pikapu kuukuu ya Pijo. Nikawa nateremsha kabichi Voi na kupandisha unga na saruji. Kwa gari hilo Mkawasi alisoma hadi kidato cha nne. Kwa gari hilo Mwakio alivaa viatu. Matairi niliyazungusha kila mvua zilipokaribia, na kila moja nililitia alama ya rangi nyekundu ubavuni ili nijue limetoka wapi.

Nilikuwa na rafiki, Mwadime. Tulibatizwa siku moja, na gari lake lilikuwa kama langu. Sasa hapa ndipo aibu yangu inapoanzia... Magari yetu yalipotakiwa kwenda ukaguzi, tulikuwa tunaazimana matairi! Leo lake linavaa yangu, linapita. Mwezi ujao langu linavaa yake, linapita. Halafu jioni tunacheka. Na aliyeanza mchezo huo si yeye, wasomaji. Ni mimi.

Kwa hiyo alipokuja siku ile akasema, “Ndugu yangu, nipe mawili ya nyuma tu, keshokutwa unayo,” ningekataa kwa mdomo gani?

Lakini nilipaswa kukataa! Mkawasi alikuwa amerudi nyumbani kujifungua mtoto wake wa kwanza, kwa sababu mumewe alikuwa kazini Mombasa. Nilikuwa nimemwahidi kwamba nitampeleka hospitali mwenyewe. Ndiyo maana yale matairi bora nilikuwa nimeyaweka nyuma, tayari kwa mvua. Mwadime akayachukua, akaniachia yake mawili, yamelika upande mmoja hadi nyuzi zinaonekana.

Keshokutwa ikapita. Wiki mbili zikapita. Nikasikia amepata kazi ya kubeba watu wanaotafuta mawe ya thamani Kishushe, kule kwa miiba na majabali... na matairi yangu!

Nikamkuta sokoni Mwatate.

“Mwadime, matairi yangu bwana.”

“Kwani gari lako limekataa kutembea?”

“Linatembea. Lakini siku za dada yangu zimekaribia.”

Akawageukia watu. “Jamani, sikieni! Kwani dada yake huyu anazaa tairi?”

Soko zima likaangua kicheko. Na mimi, wasomaji... nami nilicheka. Ningefanya nini mbele za watu? Nilicheka, nikapanda gari langu nikaenda.

Bado nilikuwa na njia. Matairi yangu ya mbele yalikuwa na meno kiasi. Ningeyahamisha nyuma na kuweka vile vipara mbele. Si kamili, lakini gari lingepanda. Kazi ya saa moja! Kazi niliyoifanya tangu utoto! Lakini vipara mbele kila mtu angeviona, na mimi nilikuwa na jina la fundi. Tena gari lilikuwa linapanda vizuri. Hilo ndilo lililonidanganya. Lilipanda kwa sababu lilikuwa na shehena ya saruji iliyoyakandamiza magurudumu ya nyuma chini. Nikajiambia, Jumamosi nitayazungusha.

Mvua ilianza Alhamisi. Ijumaa asubuhi Mkawasi akashikwa na uchungu.

Tulimlaza nyuma chini ya turubai, akikumbatiwa na jirani yetu Mama Wakesho. Gari lilikuwa tupu, watu wawili tu nyuma. Kuteremka tuliteremka salama. Lakini kwenye kile kilima cha kupandia hospitali, kwenye udongo mwekundu, magurudumu ya nyuma yakaanza kuzunguka... yakazunguka, yakazunguka, na gari halikusogea hata hatua moja!

Watu wakatoka mashambani kusaidia. “Linataka uzito! Pandeni nyuma!” Katekista wetu, mtu mnene sana, alikuwa anasukuma kwa mabega. Mmoja akampigia kelele, “Katekista, wewe panda! Leo hilo tumbo lina kazi!” Akapanda na viatu vyake vya matope, hakukasirika. Gari likasogea kidogo... halafu nyuma ikateleza, ikaingia mtaroni.

Nikatoa jeki ili nihamishe matairi ya mbele pale pale. Jeki ikazama. Nikaweka jiwe chini, jiwe nalo likazama.

“Kaka,” Mkawasi aliita, “tumefika?”

“Bado kidogo, mama. Bado kidogo.”

Mtoto alizaliwa hapo, juu ya bodi ya gari, akalia kwa nguvu. Msichana. Watu wakapiga vigelegele! Lakini Mama Wakesho hakupiga. Nilimwona anakunja kanga, anaikandamiza, anaomba nyingine. Damu haikukoma. Wanaume wakafanya turubai kuwa machela, wakambeba mbio kupandisha mlima kwa miguu.

Aliaga dunia kabla ya kufika lango la hospitali. Nilikuwa nyuma yao, wili spana ya kufungulia nati za magurudumu bado mkononi. Niliibebea nini?

Jumatatu tulikwenda kuuchukua mwili. Mwadime alijitolea kutupeleka kwa gari lake. Nilikaa nyuma na jeneza tupu magotini pangu. Mvua ilikuwa bado inanyesha, kilima ni kile kile, udongo ni ule ule... na gari lile jepesi lilipanda bila kuteleza hata mara moja. Tuliposimama hospitalini niliinama. Alama zangu nyekundu zilikuwa pale.

Kaburini Mwadime alilia machozi ya kweli. Akanishika bega, akasema, “Pole ndugu yangu. Ni kazi ya Mungu.” Mwakio naye akaniuliza, “Kaka, si gari lilikuwa zima?” Nikamjibu, “Ni mvua.”

Baada ya wiki niliyakuta matairi yangu yameegemezwa ukutani. Aliyeyaleta hakubisha hodi. Hadi leo hatujazungumza. Nimchukie? Naamka nikimchukia. Halafu nakumbuka ni nani aliyemfundisha kuazimana matairi, na ni nani aliyeicheka ile dhihaka.

Nawasihi ninyi mnaosoma. Kabla hujampakia mtu, inama utazame magurudumu ya nyuma, hasa gari likiwa tupu. Usisubiri Jumamosi. Wala usimwazime mtu kitu ambacho uhai wa mwingine umekitegemea, hata kama unadaiwa fadhila, hata kama soko zima litakucheka. Heri kuchekwa!

Mtoto wa Mkawasi ninamlea mimi, kwa ridhaa ya baba yake. Ana miaka tisa. Kila akiniuliza mama yake alikufaje, namwambia ni mvua. Siku hizi anasoma kila karatasi inayoingia nyumbani, hata ile ya kufungia sukari. Jarida hili likifika, sitalificha. Nitaliacha mezani, nikae, nimngoje amalize.